PIR, leza au infraredi: kipi kifyatue kamera kwa popo?

Mpiga_Usiku: Wakuu, nina Canon ya zamani yenye tundu la rimoti la 2.5 mm. Popo wanavamia mpera wangu kila usiku, nataka niwanase wakiwa hewani, kamera ijifyatue yenyewe. Nichukue kihisi cha mwendo (PIR HC-SR501) au kitochi cha leza na LDR (kihisi mwanga), popo akikata mwali kamera ifyatuke?

fundi_waya: PIR achana nayo. Inasoma joto linalosogea, na mpaka iamue, popo kashafika kwa jirani. Ikishafyatua inapumzika sekunde mbili tatu ndipo isome tena.

Bi_Chozi: Mimi naitetea kidogo. Komba anayetulia tawini kula, PIR inamtosha, huna haja ya kulenganisha chochote. Kwa popo, sawa, hapana.

fundi_waya: Na kwenye leza, LDR ni nzito, inakula makumi ya milisekunde. Weka fototransista, kihisi mwanga chenye kasi zaidi. Kitochi kisielekee usawa wa macho ya watu.

mzee_lenzi: Leza ya nini uwanjani kwa watu? LED ya infraredi ya 940 nm na fototransista yake, macho hayaioni.

Ila mnabishana kihisi wakati mchelewaji ni kamera. Hizi za bei ya chini, toka uziamuru mpaka shata ifunguke, hupita karibu sehemu ya kumi ya sekunde. Popo wa mita 5 kwa sekunde kashasogea nusu mita! Fokasi weka kwa mkono. Kwenye jeki, pete ya katikati (fokasi) iunganishe na graundi muda wote, kihisi kiguse ncha tu.

Kukiwa giza totoro kuna njia bora zaidi: shata iache wazi sekunde kadhaa, kihisi kifyatue flashi badala ya kamera. Flashi ikiwa kwenye nguvu ya 1/32 inawaka kitambo kidogo mno, mabawa yanaganda.

fundi_waya: Naunga mkono. Ila flashi za kizamani nyingine zina volti zaidi ya 200 kwenye kiatu (pale inapochomekwa kwenye kamera). Pima kwa mita kwanza; ikizidi 30, PC817 (optokapla, kiswichi cha mwanga kati ya kihisi na flashi) haitoboi.

Mpiga_Usiku: Basi infraredi na flashi. Hiyo PC817 lazima nikanunue?

fundi_waya: Fungua chaja mbovu ya laptop, kidude cheusi cha miguu minne karibu na transfoma. Chomoa kwenye umeme kwanza, na ile kapasita kubwa usiiguse, huwa bado imeshika chaji.