Naomba ushauri: tufanyeje ili mbio za farasi zipendwe na watu wa kawaida?

Kwato_Nne (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu.

Nimeingizwa kwenye kamati ya klabu inayoandaa mbio za farasi, na jukumu nililopewa ni moja tu: watu waje. Kwa sasa wanaokuja ni wenye farasi pamoja na ndugu zao, na wale wa mikeka ambao hawainui vichwa mpaka farasi wakaribie mstari wa mwisho. Yule mtu anayejaza uwanja wa mpira na wanawe hatumwoni kabisa.

Wenzangu wanataka tulete wanamuziki, tufanye shindano la mavazi, tuwalipe wenye wafuasi wengi mtandaoni. Kila kikao lazima mtu ataje Royal Ascot, zile mbio za kifahari za Uingereza, na kofia zake. Mimi roho inasita. Anayekuja kwa ajili ya muziki ataondoka na muziki wake. Shida ni kwamba sina pendekezo la kuweka mezani badala ya hilo.

Na hofu yangu ina msingi. Singapore walikuwa na mbio tangu 1842, Oktoba 2024 wakakimbiza za mwisho. Macau nao walifunga mwaka huohuo. Naombeni mawazo. Hata kunisema mnisemeni, ila kuwe na hoja.

Mzee_wa_Jukwaani
Waambie wenzako Ascot ilianzishwa na Malkia Anne mwaka 1711. Kofia zile zina miaka mia tatu na familia ya kifalme nyuma yake, haziazimwi.

Tatizo lenu la kwanza ni saa. Mbio zenyewe ni dakika moja, mbili, zikizidi sana chache zaidi ya hapo. Kisha mnamkalisha mtu nusu saa akisubiri nyingine. Mcheza kamari hiyo nusu saa anaihitaji, anapiga hesabu zake. Huyo mwenye watoto afanye nini? Mpira unakubana dakika 45 bila kukuachia. Nyinyi siku nzima mna dakika kumi na kitu za farasi kukimbia, zilizobaki ni za kutazama nyasi.

Pia angalieni siku na muda. Hong Kong wanakimbiza usiku pale Happy Valley, kwa kawaida Jumatano, uwanja uko katikati ya maghorofa. Taa wameziweka tangu 1973. Mtu anatoka kazini anapitia, anaona mbio kadhaa, anaenda kulala. Nyinyi mnataka awape siku nzima ya mapumziko wakati hata hamjuani.

Sibeti
Mimi ndiye huyo mnayemtafuta. Nilikwenda mara moja, nikapewa karatasi imejaa namba: uzito, umri, nafasi alizoshika huko nyuma, vifupisho ambavyo sijui ni vya nini. Nikamuuliza jirani kwa nini farasi huyu amebebeshwa kilo nyingi kuliko wenzake, akanijibu "ndiyo sheria". Baadaye sana nikaja kujua kwamba aliye bora huongezewa uzito ili wote wakaribiane. Hilo ni jambo tamu kabisa! Kwa nini halitangazwi kwa kipaza sauti kabla ya kuanza?

Kisha kila aliyenisemesha alitaka kujua nimeweka dau kwa nani. Sibeti. Nikajiona nimeingia harusi ya watu.

BintiSaisi
Mleta mada, mimi nafanya kazi zizini, nitaongea kutoka huko.

Watu hawapendi mbio, wanapenda farasi fulani. Japani kulikuwa na farasi jike anaitwa Haru Urara, akikimbia kwenye uwanja mdogo wa Kochi uliokuwa hoi kifedha. Alikimbia mara 113, hakushinda hata moja. Vyombo vya habari vilipomgundua mwaka 2003, nchi nzima ikamshangilia. Machi 2004 akapandwa na Yutaka Take, mpanda farasi mashuhuri kuliko wote kule, uwanja ukafurika, na bado akamaliza wa 10 kati ya 11. Watu walinunua tiketi za kumbetia wakijua hatashinda, wakazitunza kama hirizi. Waonyesheni hiyo kamati yenu: farasi asiyeshinda alileta umati.

Kwa hiyo fungueni mazizi. Farasi wa mbio hufanya mazoezi alfajiri, wakati watu wa kwenu wote wamelala na hakuna anayeona uzuri ule. Chagueni asubuhi moja kila mwezi, watu waje wamwone akioga, akigombania karoti, akimkataa saisi mmoja na kumkubali mwingine. Nina mmoja hapa hatoki zizini bila mbuzi wake kutangulia, sitanii. Mtu aliyemwona huyo na mbuzi wake atakuja kumtazama siku ya mbio hata mvua inyeshe.

Ila kuna mtego. Mkimtangaza farasi, hakikisheni atakuwepo mwaka ujao. Marekani walisubiri miaka 37 tangu Affirmed wa 1978 kupata wa kutwaa mataji yao matatu makubwa yote kwa mwaka mmoja. American Pharoah alipoyatwaa 2015, kabla mwaka haujaisha akastaafishwa kwenda kuzalisha. Mashabiki wapya wakabaki hawana wa kumfuata. Hong Kong hawazalishi farasi, wengi wao wamehasiwa, ndiyo maana nyota kama Golden Sixty alikaa miaka mingi watu wakimfuata. Nyinyi mtangazeni aliyehasiwa mwenye tabia, msimtangaze dume atakayeuzwa kesho.

Msemakweli_77
Hakuna aliyegusa jipu. Vijana hawaji kwa sababu wameona video za farasi wakivunjika miguu na kufa. Mwaka 2019 uwanja wa mbio wa Santa Anita kule California walisimamisha mbio kwa muda kwa sababu ya vifo mfululizo. Hapo utapeleka mbuzi na karoti gani?

BintiSaisi
@Msemakweli_77 sikupingi. Mfungua zizi lazima awe tayari kuulizwa. Baada ya Santa Anita, Marekani walipitisha sheria mwaka 2020 na kanuni za usalama za nchi nzima zikaanza kufanya kazi 2022. Grand National, mbio za Uingereza za kuruka vizuizi, imepunguza farasi kutoka 40 hadi 34 kuanzia 2024. Klabu isiyoweza kumjibu mtoto "yule wa mwaka jana yuko wapi sasa?" isijitangaze kwanza.

Kwato_Nne (mleta mada)
Hapo kwenye swali la mtoto nimeguswa, maana kwetu hakuna anayeandika farasi anakwenda wapi akistaafu. Nalichukua.

Mwenzetu mmoja ana wazo la watu wengi kumiliki farasi mmoja kwa hisa ndogondogo. Linafaa?

Mzee_wa_Jukwaani
Linafaa, ila wakija wawe wanapokewa kama wenye mali, si kama watazamaji. Farasi Funny Cide aliyeshinda Kentucky Derby, mbio maarufu za Marekani, mwaka 2003 alikuwa wa kundi la marafiki waliosoma pamoja, walikuja uwanjani na basi la shule. Marekani iliwapenda hao kuliko matajiri wote waliokuwepo. Andikeni tu wazi mapema kwamba kumtunza farasi ni gharama kila mwezi na wengi hawarudishi hata chakula chao. Msiuze hisa kama biashara, uzeni kama furaha.

Sibeti
Mimi hisa sinunui, lakini mngenipa upande ningekuja. Nimewahi kusoma kuhusu mbio za farasi za Siena kule Italia: mji una mitaa 17, kila mara inakimbia 10, na farasi wanagawiwa kwa kura. Kwa hiyo mtu hachagui farasi, anazaliwa na mtaa wake. Hata farasi akimwangusha mpandaji, akifika wa kwanza peke yake mtaa umeshinda! Nyinyi gaweni farasi kwa kura kwa shule au vikundi vya jirani. Mwanangu akiambiwa "huyu ni wa shule yenu", nitabanwa mpaka nimlete.

Msemakweli_77
Siena farasi wanaumia vilevile, kona zile ni kali. Chukueni kura, kona waachieni wenyewe. Hilo la shule naliunga mkono ila madirisha ya kubeti yawe mbali na watoto, au siku hiyo yafungwe kabisa.

Kwato_Nne (mleta mada)
Kuyafunga kamati haitakubali, mapato mengi yanatoka hapo. Kuyahamishia upande wa pili wa jukwaa nadhani nitawashawishi. Naandika hivi: zizi wazi mara moja kwa mwezi, kura ya shule, mtangazaji wa kueleza uzito na mengine, na daftari la farasi waliostaafu. Muziki nitawaachia wimbo mmoja wa kufungulia ili tusigombane.

Mzee_wa_Jukwaani
Mmemaliza yote hamjataja vyoo na kivuli. Mama mwenye watoto watatu hakai saa nne juani akifuata farasi mwenye mbuzi. Anza na hivyo kwenye kikao.