Nimekataliwa mara 11, sasa naona aibu hata kuomba

Mama Madaftari:

Bwana asifiwe wapendwa. Nimekuwa nikisoma tu humu bila kuchangia. Leo nimejikaza.

Nina riwaya niliyoianza miaka 9 iliyopita. Inamhusu mjane anayesafisha kanisa kila Jumamosi, naye haamini tena, ila hajamwambia mtu. Nimeiandika usiku watoto wakishalala, kwa mkono kwanza, halafu kwenye kompyuta. Nina mazoea ambayo sijawahi kumwambia yeyote: kabla ya neno la kwanza nachora msalaba kwenye kona ya juu ya ukurasa, mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Madaftari yote 6 yana misalaba hiyo. Ndiyo sala yangu ya kazi, sina nyingine.

Mwezi uliopita nilipata jibu la 11. Hapana, kama yale mengine. Ila hapana peke yake nimeizoea. Mchapishaji mmoja wa vitabu vya kawaida aliwahi kuniambia mswada una dini mno. Huyu wa mwisho ni wa vitabu vya Kikristo, naye anasema mjane wangu anachelewa kutubu. Nikimfanya aokoke kufikia sura ya 5, wataufikiria tena. Barua ile niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa. Kwa hawa nimezidisha, kwa wale nimepunguza. Niende wapi?

Na kuna la ndani zaidi. Siku naanza nilimwambia Mungu: kama kazi hii umenipa wewe, utaifungulia mlango. Sikusema kwa kiburi, nilikuwa nalia. Kwa hiyo kila hapana inayokuja naisikia kama imetoka kwake. Ama sikuitwa, nikajidanganya na kuwanyima wanangu saa zile zote. Ama niliitwa, na aliyeniita amenisahau. Sijui lipi lina nafuu. Jumapili naimba na amina naitikia. Nikibaki peke yangu naona haya kuomba, kama mtu anayerudi kukopa kwa yuleyule aliyemnyima jana. Daftari la 7 liko mezani, ukurasa wa kwanza mweupe, kona haina kitu.

Nawaomba msiniambie wakati wa Bwana ndio wakati sahihi. Nalijua neno hilo, nimewafariji nalo wengine. Nataka kumsikia mtu aliyeandika, akakataliwa, na imani yake ikabaki. Ulibakije?

Neema Tele:

Pole sana dada yangu. Mimi si mwandishi, kwa hiyo sitajifanya najua. Nimekuweka katika maombi yangu ya asubuhi, na huyo mjane pia, maana nimeshamwonea huruma. Natamani kujua kama aliendelea kusafisha kanisa.

Karani:

Dada, nitakujibu kama ulivyouliza.

Mswada wangu wa kwanza ulikubaliwa. Nikasaini mkataba, nikangoja miaka 2, nikaletewa kurasa za majaribio nizipitie, jina langu nikaliona limepigwa chapa. Wiki chache baadaye mchapishaji akafunga shughuli zake, na kitabu kikafia hapo. Karibu mwaka mzima sikuomba. Kanisani nilikuwa naenda. Kuomba ndiko nilikokuwa siwezi.

Siku moja nikapangiwa kusoma somo katika ibada, likawa Yeremia 36. Habari yenyewe unaijua: Yeremia anasema, Baruku anaandika. Wakuu wanamwuliza Baruku ameyaandikaje maneno yote haya, naye anawapa jibu la fundi, kwamba Yeremia aliyatamka kwa kinywa chake, na yeye akayaandika kwa wino. Kisha gombo linafika kwa mfalme Yehoyakimu. Ni mwezi wa 9 wa Kiebrania, baridi, moto unawaka mbele yake. Yehudi, aliyetumwa kulichukua gombo, anasoma. Kila akimaliza safu 3 au 4, mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote limeteketea. Kisu cha mwandishi, dada! Kifaa cha kazi ya Baruku mwenyewe, cha kuchongea kalamu. Wakuu 3 walimsihi mfalme asilichome, asiwasikie.

Sauti ilinikatika pale mbele ya watu. Gombo lile aliyeliagiza ni Bwana, neno lilikuwa lake, na bado lilichomwa. Nami siku zote nilikuwa na hesabu, naiona ni ileile yako: kazi ya Mungu hupita, isiyo yake hukwama. Hesabu hiyo sikuitoa kwenye Biblia. Niliitunga mwenyewe, halafu nikaitia saini kwa jina la Mungu. Aliyekuandikia ile barua ni mhariri, dada. Mhariri tu.

Ukitoka hapo, nenda sura ya 45. Ina mistari 5, yote ni ya Baruku. Ni mwaka wa 4 wa Yehoyakimu, wakati uleule anaandika maneno ya Yeremia, na gombo lilichomwa mwaka wa 5. Maana yake alikuwa hoi kabla hata ya moto. Analia kwamba Bwana amemwongezea huzuni juu ya maumivu, amechoka kwa kuugua, raha haioni. Mungu anamjibu kwa jina lake, ila jibu ni chungu: nilichokijenga nakibomoa, nilichokipanda naking'oa, na wewe unajitafutia makuu? Usiyatafute. Mara ya kwanza nililiona kemeo, nikafunga Biblia. Ilinichukua muda kusikia kwamba anayesema hivyo naye anabomoa kazi ya mikono yake mwenyewe. Wala hamwambii Baruku aweke kalamu chini. Anamwahidi uhai wake, kokote atakakokwenda. Wasomaji hakumwahidi.

Basi nikashika hapo. Siku hizi naomba nguvu ya ukurasa wa leo. Mlango nao bado nauomba, sikufichi, ila nimeacha kuutumia kupima kama ananipenda. Na nikaandika upya. Hata sura ya 36 inaishia hapo: gombo jingine, Baruku yuleyule, na maneno mengine mengi ya namna ileile yakaongezwa.

Mhariri wa zamani:

Naongezea kwa upande wa kazi yenyewe, maana kwa miaka mingi nilikuwa upande wa pili wa hizo barua.

Mmoja anasema imezidi, mwingine imepungua. Hapo wamekuambia rafu zao zikoje. Kuhusu wito wako hawajui lolote, na sisi hatukuwahi kufikiria wito wa mtu tulipoandika barua zile. Nyingine ziliandikwa jioni, mezani bado kuna miswada 30. Inaniuma kujua kuna mtu aliyezisoma kama ujumbe kutoka mbinguni.

Usimwokoe mjane ili kumridhisha mchapishaji. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na haikuondolewa wala kuongezewa mstari wa furaha mwishoni. Iliimbwa hivyo hivyo.

Lakini nikuambie na hili, kwa upendo: inawezekana ndani ya ile barua kuna jambo la kweli lililosemwa vibaya. Msomaji akisema mhusika anachelewa kutubu, mara nyingi anachohisi ni kwamba mhusika hafanyi kitu. Anawaza tu, sura baada ya sura. Mjane wako anafanya nini katika sura 4 za kwanza, ukiacha kufagia na kukumbuka? Mpe mtu asiye rafiki yako asome, akuonyeshe mahali alipoweka mswada chini. Kurekebisha hapo si kukosa imani.

Mshairi wa usiku:

Mimi hunisaidia kumkumbuka Gerard Manley Hopkins, padre Mjesuiti Mwingereza. Jarida la shirika lake mwenyewe lilikataa shairi lake refu. Alifariki mwaka 1889, na mashairi yake yakakusanywa kitabu na rafiki yake Robert Bridges mwaka 1918. Miaka 29! Sikutajii hilo kama faraja ya kusifiwa ukiwa kaburini, mtu aliye hai halimsaidii. Nakutajia kwa sababu mwaka uleule wa kifo chake aliandika shairi linaloanzia Yeremia 12, akimwuliza Bwana kwa nini wengine wanastawi na yeye kila anachojaribu kinaishia patupu. Alikuwa amekasirika, na aliyemwambia ni Mungu mwenyewe, uso kwa uso. Wewe umetuambia sisi. Yeye umeshamwambia?

Mama Madaftari:

Nimesoma yote. Mhariri, umenigusa palipo na kidonda, lakini ni kweli: katika sura 4 zile mjane hafanyi kitu. Anafagia na kukumbuka. Nilikuwa nalijua.

Neema Tele, ndiyo, aliendelea kusafisha. Mpaka mwisho.

Mshairi, swali lako lilininyima usingizi. Sikuwa nimemwambia. Usiku wa jana nimemwambia, kwa kalamu, kwenye daftari la 7. Nimeandika kurasa 2 za kumlalamikia, mengine siwezi kuyarudia hapa. Msalaba sikuuchora, nilihisi ningekuwa namdanganya. Nilipomaliza nikaona kwamba kwa saa nzima nilikuwa naongea naye, mimi niliyekuwa naona haya.

Karani, kaka yangu, nikuulize moja. Ulipoandika upya, ulianzia ukurasa wa kwanza?

Karani:

Hapana. Nilianzia palipouma, sura ya 4. Ukurasa wa kwanza niliuandika wa mwisho.