Ukomo wa mishahara NHL sasa mpaka kwenye mtoano: wametenda haki au wamewaonea majeruhi?

Zamu_ya_Usiku (mleta mada)

Wadau habari za saa hizi. Najua wengi wenu ni mpira wa miguu tu, ila sisi tuliopo Canada hoki ya barafu huikwepi, ghalani kwetu Mississauga kuanzia Oktoba mpaka Juni ndio stori ya kila zamu, na msimu huu kuna jambo limetugawa mpaka watu wanakunywa chai meza tofauti. Nimeona nilete hapa tuliongee kwa lugha yetu.

Kwa asiyefuatilia, NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Canada, ina ukomo wa mishahara, wenyewe tunaita kepu. Ilikuja 2005 baada ya wamiliki kufunga milango na msimu mzima wa 2004-05 kufutwa. Ilianza na dola milioni 39 kwa timu, msimu huu wa 2025-26 ni milioni 95.5. Toronto ana hela za kumwaga, Winnipeg mji mdogo, wote wanapimiwa kwa kibaba kimoja. Ndio maana mimi naipenda hii ligi, hamna mtu anaamka asubuhi ananunua ubingwa.

Sasa mwanya ulikuwa hapa. Mchezaji akiumia kiasi cha kukosa angalau mechi 10 na siku 24, anawekwa kwenye orodha ya majeruhi wa muda mrefu, na timu inaruhusiwa kupita kepu kwa kiasi cha mshahara wake ili itafute wa kuziba pengo. Akirudi, lazima mtoshe tena chini ya mstari. Hapo hamna shida kabisa. Shida ni kwamba kepu ilikuwa inahesabiwa siku kwa siku ndani ya msimu wa kawaida TU, Aprili mtoano ukianza hamna kepu, hamna mizani, unapanga unavyotaka.

Angalieni Tampa 2021. Nikita Kucherov, mkataba wa milioni 9.5 kwa mwaka, alipasuliwa nyonga mwishoni mwa Desemba 2020, akakosa mechi zote 56 za msimu ule uliofupishwa. Kepu ilikuwa milioni 81.5. Tampa wakatumia nafasi yake kubaki na watu ambao wangelazimika kuwauza. Mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Florida, huyu hapa, kavaa jezi, magoli 2 na pasi ya goli, wakashinda 5-4. Akamaliza mtoano na pointi 32 (magoli na pasi za goli kwa pamoja), hamna aliyemfikia, na kombe wakabeba. Carolina walipotolewa na hao Tampa, beki wao Dougie Hamilton alilalamika kwamba wametolewa na timu iliyopita kepu kwa milioni 18, basi kwenye sherehe za ubingwa Kucherov akavaa fulana imeandikwa hiyo hiyo milioni 18.

Hakuwa wa kwanza, Chicago 2015 walifanya hivyo na Patrick Kane aliyevunjika mtulinga Februari akarudi mechi ya kwanza ya mtoano, wakabeba. Wala hakuwa wa mwisho. Vegas 2023 na Mark Stone, mgongo, karudi mtoano, mechi ya mwisho ya fainali kafunga 3 mwenyewe wakashinda 9-3. Florida 2025 na Matthew Tkachuk, kaumia Februari akiichezea Marekani, timu ikawaleta Seth Jones na Brad Marchand, Tkachuk karudi mechi ya kwanza ya mtoano, kombe. Kucherov, Stone, Tkachuk, wote watatu mshahara wao kwenye kepu ulikuwa milioni 9.5. Namba ile ile mara tatu, na mara tatu kombe.

Marehemu baba alikuwa dereva wa lori njia ya Tunduma, alikuwa ananiambia kuna wenzake wakikaribia mizani ya Vigwaza wanashusha magunia kwa gari ndogo, wanapima, wanapata risiti safi, kilomita kadhaa mbele wanapakia tena. Risiti ni halali na hamna aliyedanganya mizani, ila barabara inabeba uzito ule ule na inabomoka vile vile. Mimi nikiona mtu anatoka kwenye orodha ya majeruhi siku moja baada ya kepu kuisha, naona yale magunia.

Sasa wamekubaliana, ligi na chama cha wachezaji, kuanzia msimu huu: kwenye mtoano wale 20 watakaovaa jezi kila mechi, mishahara yao lazima itoshe ndani ya kepu. Pia majeruhi anayetarajiwa kurudi, nafasi anayoacha haizidi wastani wa mshahara wa ligi wa msimu uliopita, kama milioni 3.8 hivi. Ukitaka nafasi yote ya milioni 9 au 10, basi asionekane tena mpaka msimu uishe na mtoano uishe.

Mimi nasema ni haki na wamechelewa miaka 10. Nyie mnasemaje?

Kipa_wa_Akiba

Mkuu nakuheshimu ila hapo kwenye lori umeniumiza. Yule dereva gari lake zima. Stone alipasuliwa mgongo mara mbili ndani ya mwaka mmoja, mgongo! Kucherov kapasuliwa nyonga. Tkachuk baada ya kombe ndio tukajua msuli wa paja ulikuwa umechanika ukaachana na mfupa na alikuwa na ngiri juu yake, bado akacheza. Mtu kama huyo unamfananisha na gunia la mchele?

Alafu nikuulize, ligi yenyewe iliangalia ile habari ya Tampa na ikasema hamna sheria iliyovunjwa. Sasa kosa liko wapi. Na kitu ambacho watu hawakisemi, mishahara ya NHL inalipwa ndani ya msimu wa kawaida. Mtoano hamna mshahara, wanagawana bonasi tu za ligi. Ndio maana kepu ilikuwa inaishia pale, sio kwamba mtu alisahau kufunga mlango. Utawekaje ukomo wa mishahara kipindi ambacho mishahara hailipwi?

Barafu_Nairobi

Hapa Nairobi tunasoma. Mimi nilianza kupenda huu mchezo pale Panari, kiwanja kidogo sana cha barafu ndani ya hoteli, wale Ice Lions, timu yetu ya hoki ya Kenya, walipopelekwa Canada 2018 wakacheza na nyota wa NHL Crosby na MacKinnon kwa lile tangazo la Tim Hortons, wale wauza kahawa wa Canada, tukashikwa kabisa.

Na hao wawili ndio jibu langu. Crosby amekaa na milioni 8.7 tangu 2008, na 2024 akaongeza miaka miwili kwa hiyo hiyo 8.7, na soko lingempa zaidi bila maswali. MacKinnon alikuwa milioni 6.3 wakati Colorado wanabeba 2022, mkataba mpya wa 12.6 ulianza 2023. Timu ikipata mtu kama huyo kwa bei ya chini inajengwa vizuri bila kutafuta mwanya wa hospitali. Kwa hivyo mimi niko na mleta mada. Nafasi ipatikane mezani wakati wa mkataba, isipatikane kwa daktari.

Tano_kwa_Sita

Nyote mnahangaika na majeruhi, tembo yupo sebuleni hamumuoni. Kodi!! Hesabuni mabingwa: 2020 Tampa, 2021 Tampa, 2022 Colorado, 2023 Vegas, 2024 Florida, 2025 Florida. Sita, na watano wanatoka Florida na Nevada ambako jimbo halikati kodi ya mapato. Hapa Ontario tajiri anakatwa zaidi ya asilimia 53 kwa kila dola ya juu. Milioni 9.5 ya Tampa na milioni 9.5 ya Toronto sio hela moja mfukoni. Kepu gani ya haki hiyo.

Zamu_ya_Usiku (mleta mada)

Nimetoka zamu ndio nasoma, nawajibu kwa pamoja.

Tano kwa Sita, hilo la kodi ni kweli linauma, lakini naomba lifunguliwe uzi wake kwa sababu kodi inatungwa na serikali, meneja wa timu haipangi. Mwanya wa majeruhi ulikuwa kwenye kanuni za ligi na ligi ndio iliweza kuuziba. Na sisi Toronto tusijifiche nyuma ya kodi. Tuliwalipa watu wanne, Matthews, Marner, Tavares na Nylander, karibu nusu ya kepu nzima miaka na miaka, tukabaki tunaokoteza mabeki kwa chenji, na kombe la mwisho ni 1967. Sasa Marner yupo Vegas kwa milioni 12 kwa mwaka, na hao Vegas walimpatia nafasi baada ya beki wao Pietrangelo wa milioni 8.8 kuwekwa pembeni kwa nyonga zake. Huyo sina neno naye, kaumia kweli na kasema wazi hachezi msimu huu.

Kipa, kwenye lori umenishika na nakubali, nilikosea kumfananisha mgonjwa na gunia. Sisemi Stone alijifanya mgonjwa. Narudia, SISEMI. Ninachosema hakihusu mgonjwa, kinahusu tarehe. Mwaka 2024 Stone huyo huyo aliumia wengu Februari, ni hatari kweli, mtu angeweza kufa. Vegas wakawaleta Hertl, Hanifin na Mantha. Stone akarudi mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Dallas, hakucheza hata mechi moja ya mwisho wa msimu. Wakatolewa mechi ya 7, kwa hiyo watu wamesahau. Mimi najiuliza tu, mtu aliyepona wa kucheza mtoano, ambao ni vita kuliko msimu wa kawaida, siku nne kabla alikuwa hajapona? Hilo daktari analijua yeye na Mungu wake, mimi wala wewe hatuwezi kuthibitisha, na ndio maana kanuni nzuri ni ile isiyomuuliza daktari chochote. Hii mpya haimuulizi. Inauliza leo unavalisha jezi watu gani 20 na jumla yao ni ngapi.

Na hilo la mishahara hailipwi kwenye mtoano, sikiliza mkuu. Wachezaji wote kwa pamoja wanapata asilimia 50 ya mapato ya ligi, haizidi. Mishahara ya jumla ikizidi hapo wanakatwa kila mmoja kurudisha, msimu ule wa 2020-21 makato yalifika asilimia 20. Kwa hiyo timu ikiongeza milioni 18 juu ya kepu kwa mgongo wa majeruhi, hela hiyo haidondoki kutoka mbinguni, inaongeza makato ya yule mchezaji wa mstari wa nne, wale wanaopewa dakika chache, anayelipwa laki saba na themanini kule Columbus ambaye hata mtoano hachezi. Yeye ndio anachangia ubingwa wa mwenzake. Hapo ndipo roho inaniuma mimi, sio kwenye fulana ya Kucherov.

Kipa_wa_Akiba

Sawa hilo la makato sikuwa nimelifikiria hivyo, nakupa. Lakini bado hujanijibu kitu kimoja. Timu ikipata majeruhi kweli, nahodha kabisa. Barkov wa Florida, goti, kambi ya Septemba 2025 siku ya kwanza kabisa, timu ikasema miezi 7 mpaka 9. Hesabu miezi 7 kutoka Septemba unaangukia Aprili. Milioni 10 kwa mwaka. Huyu hajapanga tarehe, goti ndio limepanga. Kwa kanuni mpya meneja anaambiwa chagua: ama utumie nafasi yote ya milioni 10 umkate tamaa mtu moja kwa moja kwamba mwaka huu hurudi hata upone, ama umwachie mlango wazi na upewe nafasi ya mtu wa wastani kuziba pengo la nahodha bora kwa kukaba kwenye ligi nzima. Hiyo ndiyo haki?

Barafu_Nairobi

Hii ni ngumu aki. Lakini hebu fikiria Vegas Mei 2021, kepu iliwabana mpaka wakaingia mechi na Colorado na wachezaji 15 wa uwanjani badala ya 18, ukiacha makipa wawili. Hakuna aliyewaonea huruma, walijipanga vibaya wakalipa. Florida nao wakijua nahodha ni mmoja na mwili ni mwili, wangeacha nafasi kidogo.

Zamu_ya_Usiku (mleta mada)

Kipa, la Barkov ni swali gumu kuliko yote na sitakujibu kwa ujanja. Ndio, ataonewa. Mtu mmoja, mwaka mmoja, ataonewa na kanuni ambayo haikutungwa kwa ajili yake. Ningependa siku wakikaa tena waweke kipengele cha aliyeumia kabla msimu haujaanza, huyo timu ipewe nafasi yake yote na bado aruhusiwe kurudi, mradi wale 20 wa siku ya mechi watoshe. Mizani ya siku ya mechi ibaki pale pale, hapo tu sirudi nyuma.

Maana sasa itakuwaje? Barkov akirudi na kila mtu mzima, meneja wa Florida atabaki na watu wenye thamani zaidi ya milioni 95.5, na kila mechi kabla hajatoa orodha itabidi amguse mmoja begani, labda mwenye milioni 4 au 5 aliyecheza mechi 82 zote na mwili umejaa barafu ya kuchua, amwambie leo wewe huchezi, vaa suti ukae juu jukwaani. Huyo ndiye ningependa tumzungumzie, kwa sababu kwenye mjadala huu wote sijaona mtu aliyemtaja, hata mimi mwenyewe. Kuna mtu humu anajua chama cha wachezaji kilimwombea nini huyo kwenye makubaliano? Kama yupo aweke hapa, mimi naingia tena zamu saa nne usiku.