Kaske moja inabana taya, nyingine inachoma utosi: nirekebishe vipi, na nizibebe vipi mpaka Kolwezi?

Mwana_Katuba

Jambo wakubwa wa hapa Lubumbashi na wengine wote.

Nina kaske mbili za kusikilizia (vipokea sauti vya kuvaa kichwani) za kazi ya kuchanganya sauti. Ya kwanza ni Sennheiser HD 600, mpya kabisa. Baada ya saa moja inabana chini ya masikio, pale taya linapoanzia, na miwani inachimba juu ya sikio. Ya pili ni Audeze LCD-X iliyotumika. Hiyo haibani, ila baada ya dakika arobaini utosi unawaka moto, na mito yake ya ngozi imeanza kubanduka.

Vipimo: upana wa kichwa juu ya masikio sm 15.5, urefu wa sikio sm 6.5. Mikono ya miwani ni ya plastiki, unene mm 5. Nywele zimesukwa.

Maswali ni mawili. Nifanye nini zikae vizuri bila kuharibu sauti? Na kila mwezi zinasafiri kwa basi kwenda Kolwezi, halafu pikipiki kutoka kituoni; vumbi la kiangazi mnalijua. Nizifunge namna gani? Kuna aliyenishauri nipashe upinde wa HD 600, ule unaopita juu ya kichwa, kwa mashine ya kukaushia nywele ndipo niupanue. Ni sawa?

---

Fundi_Kamalondo

Usipashe moto. Upinde wa HD 600 una chuma cha springi, na juu yake kuna plastiki. Joto la mashine ya nywele halikifanyi chuma chochote, linalainisha plastiki na gundi tu. Plastiki ya upinde wa kaske za ukoo huo inajulikana kwa kupasuka ikilazimishwa, kwa hiyo usiitafutie sababu.

Kabla ya kukunja chochote, tenganisha maumivu. Yakiwa chini ya sikio au kwenye panja, tatizo ni mbano. Yakiwa utosini, ni uzito. Yakiwa kwenye ncha ya sikio lenyewe, sikio linagusa bamba la ndani au ukingo wa mto, yaani nafasi haitoshi. Kila moja lina dawa yake. Watu wengi wanapanua upinde kwa sababu sikio linauma ndani, halafu wanabaki na kaske inayoteleza na sikio bado linauma.

Yako ya kwanza ni mbano, na hilo kwa HD 600 mpya ni jambo la kawaida. Kwa mkono fanya hivi:

1. Pima nafasi kati ya mto na mto kaske ikiwa mezani haijavaliwa. Andika namba hiyo.
2. Vuta marefusho ya pande zote mbili mpaka mwisho. Utaona ukanda mwembamba wa chuma uliokuwa umejificha. Hapo ndipo pa kukunja, si kwenye tao la plastiki.
3. Shika chuma juu na chini kwa vidole, weka gumba upande wa ndani, kinyooshe kidogo sana kuelekea nje. Hesabu mpaka tano, achia. Rudia upande wa pili kwa nguvu ileile.
4. Pima tena. Nafasi ikiongezeka sm 1, acha. Rudisha marefusho mahali pake, vaa dakika ishirini ukifanya kazi ya kweli, ndipo uamue kama bado.

Usivute kwa kushika vikombe. Nguvu yote inaenda kwenye uma wa plastiki unaoshika kikombe, na uma ukikatika kwenye kigingi chake gundi haishiki.

Kipimo cha kujua umefika: inama utazame magoti. Kaske isiteleze. Ikiteleza umepita, na besi itapungua kwa sababu mito haizibi tena. Ukipita, ukikunja kurudi ndani chuma kinakubali mara chache, lakini kila mkunjo unakichosha. Ndiyo maana nasema sentimita moja moja.

Kuna pia wanaopanua upinde kwa kuweka rundo la vitabu kati ya vikombe usiku kucha: inafanya kazi, ila vitabu vinakandamiza sponji ya mito usiku mzima, na mkazo wote unabebwa na lile tao la plastiki. Ukiitumia, toa mito kwanza, na upana wa vitabu usizidi wa kichwa chako kwa zaidi ya sm 1.5. Mito ya HD 600 imeshikwa kwa vibanio kuzunguka ukingo: ivute taratibu kuanzia upande mmoja, na kuirudisha bonyeza kuzunguka mpaka kila kibanio kilie.

Miwani: mm 5 ni nene mno. Mkono wa namna hiyo unainua mto mbele na nyuma ya sikio, sauti inavuja na mfupa unabanwa. Tafuta fremu ya chuma yenye mikono ya mm 1 au 2 kwa ajili ya kazi tu. Fremu hiyo itakusaidia kuliko mto wowote utakaonunua.

---

Sauti_ya_Ruashi

Yaya, mimi niseme juu ya LCD-X, maana mambo ya utosi na misuko yanaenda pamoja.

LCD-X ina gramu 612. HD 600 ina gramu 260. Kichwa kinabeba zaidi ya mara mbili, na kama upinde unagusa kwa eneo dogo, ngozi ya utosi inakosa damu, ndiyo huo moto. Huwezi kupunguza gramu, lakini unaweza kuongeza eneo na kugawa mzigo.

Kwanza fimbo za pembeni. Wengi wanazirefusha kidogo mno, vikombe vinaning'inia na utosi unabeba kila kitu. Anza kinyume: shusha vikombe mpaka chini, vaa, kisha panda pengo moja moja pande zote mbili mpaka sikio liwe katikati ya mto na upinde uguse utosi kwa upole tu. Hapo mito inasaidia kubeba kwa msuguano wake kwenye mashavu. Ukirefusha mno, ukingo wa juu wa mto unakalia sikio, utaujua mara moja.

Kama yako ni toleo la zamani lenye upinde wa sponji peke yake, tafuta ule wenye mkanda wa ngozi unaoning'inia chini ya upinde. Mkanda unafuata umbo la kichwa, eneo linaongezeka sana. Ni badiliko moja ninaloliona lina thamani ya pesa kwa kaske nzito. Sponji ya ziada ya kubandika haifiki hapo; baada ya wiki chache inalala na unarudi palepale.

Misuko sasa. Mstari wa msuko ukipita chini ya upinde unakuwa kama kamba: uzito wote unakaa juu ya mstari huo. Sogeza upinde mbele kwa upana wa kidole kimoja au viwili, halafu rudisha nyuma baada ya saa, mahali pasiwe pamoja. Fundo la nywele lifungwe nyuma, si juu. Ukivaa kitambaa, kiwe cha pamba nyembamba na fundo liwe kisogoni. Kitambaa au nywele zikipita chini ya mto hewa inatoka. Kwa LCD-X hilo ni baya zaidi kuliko kwa HD 600, kwa sababu besi ya spika zake bapa inategemea sana mto kuziba. Ukisikia upande mmoja mwembamba kuliko mwingine, usilaumu spika kabla hujapitisha kidole kuzunguka mto.

Na mafuta ya nywele. Hayo ndiyo yanayobandua ngozi ya mito, pamoja na jasho. Baada ya kazi futa mito na ndani ya upinde kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Usitumie spiriti, inakausha ngozi na kuipasua.

Jambo la mwisho, na hili ni kubwa: usiivue LCD-X kwa kuivuta haraka, wala usikandamize vikombe kichwani. Mto umeziba, hewa haina pa kupita, na msukumo wa ghafla unaangukia utando mwembamba wa spika. Kwanza ingiza gumba chini ya mto karibu na taya, hewa ipite, ndipo uinue.

---

Mwana_Katuba

Aksanti sana. HD 600 nimeongeza sm 1 kama ulivyosema mukubwa, nafuu ni kubwa. Upande wa kushoto wa LCD-X ndio ulikuwa mwembamba, na kweli kulikuwa na msuko chini ya mto. Swali: mito ya LCD-X ikibanduka kabisa, naweza kuweka ya kitambaa cha mahameli badala ya ngozi? Joto la Oktoba linachosha.

---

Fundi_Kamalondo

Unaweza, ila ujue unabadilisha sauti. Mahameli inapitisha hewa, kwa hiyo sikio linapoa na besi inapungua. Unene ukitofautiana, sauti kali za juu nazo zinabadilika kwa sababu spika imesogea mbali au karibu na sikio. Kwa kuchanganya sauti ningebaki na aina ileile ya mto uliokuja nayo, na kuivua kaske dakika kumi kila saa.

Mito ya LCD imebandikwa kwa gundi. Ibandue polepole kwa kidole, usitie bisibisi, spika iko hapo hapo. Safisha gundi ya zamani bila kudondosha kitu kwenye wavu. Na angalia: mto wake si sawa pande zote, upande mnene unakaa nyuma ya sikio. Ukiubandika kinyume utasikiliza kaske nyingine kabisa na hutajua kwa nini.

---

Njia_ya_Likasi

Nijibu habari ya safari.

Basi la Kolwezi ni karibu km 300, na kinachoua kaske si ajali, ni mtikisiko wa saa nyingi na vitu vidogo vilivyoachwa ndani ya kasha. Adapta ya chuma ya mm 6.35 ndiyo ya kwanza: ni nzito, inarukaruka, inatoboa wavu. Iwekwe kwenye mfuko wake pamoja na waya, nje ya chumba cha kaske.

Chomoa waya. Wa HD 600 unachomoka kila upande: shika plagi yenyewe, vuta moja kwa moja, usizungushe. Vijiti vyake viwili havina unene sawa, kwa hiyo ukirudisha angalia kijiti kinene kinaingia tundu gani. Wa LCD-X una kitufe, kibonyeze kwanza. Kunja waya kwa duara la sm 12 hivi, usiuzungushe kwenye kaske wala kwenye kiganja kwa nguvu; nyuzi za shaba hukatika pale pale kwenye shingo ya plagi, na utasikia upande mmoja ukipotea na kurudi.

Kasha liwe gumu. Rudisha marefusho yote ndani, pima upana, urefu na kina cha kaske, ongeza sm 2 kila upande: hicho ndicho kipimo cha ndani ya kasha. Sponji ya godoro ngumu inatosha, unaikata kwa kisu chenye meno. Siri iko kwenye kipande cha katikati, kati ya vikombe. Kiwe na upana sawa na ile nafasi uliyopima kaske ikiwa mezani. Kikiwa chembamba vikombe vinagongana; kikiwa kinene kinapanua upinde njia nzima na kulaza mito, na kazi yote ya kunyoosha chuma inaharibika. Kaske ishikwe na sponji kwenye upinde na kwenye fremu ya vikombe. Wavu wa nje usiguswe na kitu chochote kinachosukuma.

Vumbi: sumaku za spika zinavuta chembe za chuma, na chembe moja ikifika kwenye utando utasikia mkwaruzo kwenye sauti za chini. Usifungue kasha karibu na wanaochomelea au kukata vyuma, na pale kwenye vituo ni kawaida kuwa nao jirani. Kaske iingie kwanza kwenye mfuko wa kitambaa laini kisichotoa nyuzi, ndipo kwenye kasha. Vumbi likiingia, geuza spika itazame chini na upige brashi laini ya vipodozi. Usipulize kwa mdomo wala kwa pampu, usinyonye kwa mashine ya usafi, utando hauvumilii.

Tia vipakiti viwili au vitatu vya silika, vile vya kunyonya unyevu. Mchele uache jikoni, unatoa unga. Asubuhi za Juni na Julai kasha linapoa sana. Ukiingia chumba chenye joto liache limefungwa nusu saa, la sivyo umande unashika kwenye chuma.

Ndani ya basi kasha liwe magotini au kwenye begi chini ya kiti. Si juu ya paa, si kwenye buti chini ya magunia, na si juu ya kifuniko cha injini pembeni ya dereva hata akikukaribisha. Pale joto linalainisha gundi za mito. Kwenye pikipiki, begi liwe mgongoni na mikanda yote miwili imekazwa. Ukiliweka juu ya tangi linapokea mtetemo wote.

Kadi za benki na saa za mkono zisikae kwenye begi moja na LCD-X. Sumaku zake zina nguvu.

---

Sauti_ya_Ruashi

Naongeza moja kwa Njia_ya_Likasi: ukifika, usiining'inize kwenye msumari. Msumari unaacha shimo kwenye sponji ya upinde. Kopo la maziwa la kilo moja lililozungushiwa taulo linatosha, au iache kwenye kasha lake wazi, kitambaa juu.

---

Mwana_Katuba

Nafasi kati ya mito ya HD 600 imetoka sm 2.5 sasa ni 3.5, basi kipande cha katikati nakata 3.5. Ya LCD-X nitapima leo jioni kabla ya kununua sponji soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi.