Mwanangu ananiita anti, naombeni ushauri kabla sijaharibu zaidi

Mkoba wa Safari: Habari za jioni wakuu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, ana miaka 9, yuko darasa la nne, anaishi na baba yake Morogoro pamoja na mke mpya wa baba yake, mimi na huyo baba tulishaachana. Wale wa kutukana naomba wapite tu.

Kwa kifupi mwanangu hanitaki. Sio kwamba kanisahau, ananijua vizuri sana, ila ananiita anti. Nikipiga simu inawekwa spika, namsikia kabisa anasubiri aambiwe cha kujibu, namuuliza umekula nini anasema "chakula", namuuliza shule vipi anasema "nzuri", halafu "anti nina homuweki" simu imekatwa. Gauni nililomtumia sikukuu nimeliona kwenye status ya yule mwanamke, kampiga picha kaandika "binti yangu nimemtoa bomba". Siku moja mtoto kaniambia kwa mdomo wake eti mimi niliwatupa nikaenda kwa Waarabu kutafuta bwana, na baba huwa analia nikipiga. Jamani maneno hayo ni ya mtoto wa darasa la nne?

Maswali yangu ni mawili. Mtoto aliyelishwa sumu namna hii anarudishwaje kwa mama yake? Na la pili, mtoto wa umri huo akisema mwenyewe mahakamani anamtaka mama, hakimu anamsikiliza?

Babu wa Kibaha: Pole binti yangu. Ila tuseme ukweli, hizi safari za Uarabuni zimebomoa nyumba nyingi. Mke anaenda miaka miwili, mwanaume hapiki wala hafui, unategemea nini? Enzi zetu mama alikuwa hatoki na mtoto mdogo kamwacha. Sisemi ulikosea, nasema tu.

Sista P: Babu na wewe, "sisemi ulikosea" wakati umeshasema. Baba akienda migodini Geita miaka mitano anaitwa mpambanaji, mama akienda Uarabuni kawatupa. Mleta mada nyumba mnayo? Nani kabaki nayo?

Mkoba wa Safari: Asante Sista P. Nilienda Oman 2019 mtoto ana miaka mitatu, tulikubaliana wote wawili na hela ya mwezi nilikuwa namtumia yeye. Nyumba ya Kihonda imejengwa kwa hela yangu kuanzia msingi mpaka bati ila hati kaandika jina lake. Nimerudi 2022 nakuta kuna mwanamke ndani anapika kwa sufuria zangu. Tumeenda baraza la kata, usuluhishi umeshindikana, 2023 mahakama ya mwanzo ikavunja ndoa. Lakini jamani sijaja kwa ajili ya nyumba.

Sista P: Ungekuja kwa ajili ya nyumba maana hapo ndipo pa kumkamatia. Kuna kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilishasema hata kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa, sembuse wewe uliyetuma hela taslimu. Risiti za kutuma hela unazo? Hukumu ilisemaje kuhusu mgawanyo?

pilipili_manga: Dada pole ila usidhani ni akina mama tu. Mimi mwanangu wa kiume yuko kwa mama yake Arusha, ada nalipa, bima nalipa, nikipanga kwenda ghafla mtoto ana homa, nikifika ghafla wako msibani Moshi. Ukoo ule ungekuwa na misiba yote niliyoambiwa wangeshaisha. Mwaka jana nikabahatika kumpata, nimemchukua kula chipsi, katulia kaniangalia, akaniuliza "baba ni kweli ulitaka nisizaliwe?" Chipsi zilinishinda, nikamlipa muuzaji tukaondoka. Mpaka leo sijui ningejibu nini, nilimwambia si kweli, lakini mtoto akishaambiwa kitu kama hicho hata ukikataa anabaki na swali lake. Nimeacha kugombana, natuma meseji kila Jumapili usiku, ajibu asijibu. Iko siku ataishika simu mwenyewe.

Mzenji: Assalam alaykum. Bi dada, hadhana, yaani malezi ya mtoto, ni haki ya mama kwanza, madhali hajaolewa na mume mwengine. Mtoto akishafika umri wa kupambanua ndio anakhiyarishwa, achague mwenyewe baina ya baba na mama. Nenda kwa Kadhi akakusomee haki yako.

Mkoba wa Safari: Shukrani kaka Mzenji ila ndoa yetu ilikuwa ya kanisani.

Mzenji: Basi samahani. Mungu akufanyie wepesi.

Wakili Njaa: Swali lako la pili jibu lake ni ndiyo, lakini. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 125 kinasema kinachotangulia ni ustawi wa mtoto, kisha mahakama inaangalia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama ana umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, na mila za jamii yake. Kuna dhana kwamba mtoto chini ya miaka 7 ni vema akae na mama, na hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Wako alikuwa ameshafika 7 wakati wa hukumu, ndio maana haikukubeba. Miaka 9 anaweza kusikilizwa, ila hakimu sio mjinga, akiona mtoto anakariri atajua, iwe kafundishwa na baba au na mama.

Sasa niulize mimi. Hukumu ya 2023 ilisema mtoto akae na nani na mwingine amuone lini? Na kwa sasa hivi tunavyochati mtoto yuko wapi? Maana swali lako limekaa kama la mtu aliyeshaanza safari.

Mkoba wa Safari: Hukumu ilisema akae kwa baba, mimi nimuone na niwe naye nusu ya likizo. Hajawahi kunipa hata likizo moja. Nikienda naambiwa mtoto yuko tuisheni, mara yuko kwa bibi yake Mahenge.

Wakili Njaa: Umejibu nusu. Mtoto yuko wapi?

Kipusa wa Likoni: Pole sana mamangu. Huku Kenya Katiba kwa kifungu cha 53 inasema baba na mama wote wana jukumu sawa kwa mtoto, wawe wameoana ama la, na tuko na Children Act ya 2022. Lakini hata huku karatasi ni karatasi, mzee akifunga geti amefunga geti. Enyewe jibu hilo swali la wakili.

Nyau: Nasubiri jibu hapa na popcorn zangu.

Mkoba wa Safari: Yupo na mimi. Naombeni msinihukumu. Jana Ijumaa walikuwa wanafunga shule, nikaenda, mwalimu wa zamu ananikumbuka tangu chekechea, nikamwambia baba yake kanituma. Tukaenda Msamvu tukapanda basi. Tuko Mbagala kwa rafiki yangu kwa sababu kwangu anapajua. Hata hivyo likizo si imeanza? Hukumu imesema nusu ya likizo ni yangu, sasa nimeiba nini? Mtoto wangu, likizo yangu, karatasi ya mahakama ninayo. Nilikuwa na mpango Jumatatu twende mahakamani aseme mwenyewe.

Babu wa Kibaha: Eeeh Bwana.

Wakili Njaa: Dada. Hukumu imekupa muda wa kuwa na mtoto, haijakupa ruhusa ya kumdanganya mwalimu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kwa mtu ambaye anamlea kihalali, na kwa sasa anayemlea kihalali kwa karatasi yako mwenyewe ni baba. Wewe ulikuwa na kesi nzuri sana, jamaa amekaidi amri likizo zote, ungeenda mahakama ile ile kuomba amri itekelezwe, au hata ibadilishwe maana kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu. Leo umempa yeye cha kusema. Baba anajua mtoto yuko kwako?

Mkoba wa Safari: Atakuwa anahisi. Simu nimezima ile laini anayoijua.

Hivi nyie mlitaka nifanye nini? Miaka miwili naenda na karatasi getini narudishwa. Mwenyekiti wa mtaa anasema nenda mahakamani, mahakamani karani anasema njoo wiki ijayo, wiki ijayo hakimu ana semina. Nauli Dar Moro ni hela yangu. Na tangu jana mtoto kaongea na mimi kuliko miaka yote hiyo, nimemkalisha nikamwambia ukweli wote, nani alimjengea nyumba anayolala, baba yake alimleta nani ndani wakati mimi naosha vyoo vya watu, na nimemrekodi kwenye simu anasema anataka kukaa na mama. Ukweli sio sumu.

Mnasihi wa Mtaa: Naomba niingie hapa, mimi kazi yangu ni ushauri nasaha kwa familia. Dada, umemwambia mtoto wa miaka 9 mambo ya hati ya nyumba na mwanamke wa baba yake ndani ya siku moja, kisha ukawasha kamera. Kule aliambiwa aseme anti, huku ameambiwa aseme mama. Yeye akili yake ameshaizoesha kusoma uso wa mkubwa aliye mbele yake na kutoa jibu linalotakiwa, ndio anavyojilinda. Hiyo video isije kukufurahisha.

Kuna daktari wa akili wa Marekani, Richard Gardner, mwaka 1985 kitu hiki cha mtoto kulishwa chuki dhidi ya mzazi wake alikipa jina "Parental Alienation Syndrome" akakiita ugonjwa wa mtoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) hawana ugonjwa huo kwenye orodha yao, na mwaka 2023 mtaalamu wa Umoja wa Mataifa alitoa ripoti akionya kwamba mahakamani dai hili hugeuzwa kuwa fimbo ya kuwapiga akina mama wanaolalamikia ukatili. Nasema hivi kwa sababu najua utatafuta Google usiku huu na utakuja na hilo neno mahakamani. Usiende nalo. Nenda na tarehe ulizonyimwa mtoto, meseji, na mashahidi wa pale getini.

Kwa mtoto: usimuulize nani alimwambia nini. Akirudia ile ya Waarabu mwambie "nilienda kazini, nilikuwa nakukumbuka kila siku", ukomee hapo. Akikuita anti itika. Mpe kazi ndogo, mkune nazi pamoja, msuke nywele. Na asikusikie ukimsema baba yake, nusu ya huyo mtoto ni baba yake na anajua.

pilipili_manga: "Akikuita anti itika." Hii ningeambiwa zamani.

Nyau: Wakuu mnanyweshwa chai na mnaomba kuongezewa sukari. Post ya kwanza mtoto "anaishi na baba yake Morogoro" na simu inakatwa. Nusu saa baadaye mtoto yuko Mbagala anarekodiwa video. Mtoto aliyemkataa mama kiasi hicho kapandaje basi bila kulia? Konda hajauliza? Na ID imefunguliwa leo. Huyu ni mtunzi, kesho atatuletea "sehemu ya pili inbox buku mbili".

Fundi Ndonga: 😂😂 Hata mimi niliona, mwalimu wa zamu anamkumbuka mzazi tangu chekechea wakati mama alikuwa Oman tangu mtoto ana miaka mitatu. Chekechea alimpeleka nani?

Mkoba wa Safari: Nilimwandikisha mimi siku chache kabla sijasafiri, alianza mapema. ID ni mpya kwa sababu ya zamani mume wangu anaijua. Na mtoto alilia, nani kasema hakulia? Amelia mpaka Chalinze. Sikuandika kwa sababu najua mngenisema.

Fundi Ndonga: Chai ya Chalinze hiyo.

Sista P: Hata kama ni chai, risiti za nyumba anazo au hana?

Mama Wawili Kihonda: Jamani samahani mimi huwa nasoma tu siandiki. Kwenye grupu letu la mtaa huku Kihonda tangu jana jioni kuna tangazo, mtoto wa kike darasa la nne hajarudi kutoka shule, baba yake kapeleka taarifa polisi, na mwalimu mmoja wa kike anahojiwa. Siweki picha hapa. Bibi yake kazimia wamempeleka hospitali.

Nyau: Duh.

Wakili Njaa: Mama Wawili asante, na usiweke picha wala jina tafadhali. Mkoba, sikiliza, habari ya kusubiri Jumatatu imekwisha. Washa laini yako, mtumie baba meseji sasa hivi, halafu nenda na mtoto na hukumu kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, useme mwenyewe kwamba mtoto yuko salama. Ukijipeleka na ukikamatwa ni vitu viwili tofauti. Jumatatu Afisa Ustawi wa Jamii, yeye ndiye atakayeongea na mtoto na kuandika ripoti kwa mahakama, sio simu yako. Kama huna hela ya wakili kuna wasaidizi wa kisheria wa bure, ulizia pale pale Ustawi. Na ukishikwa na wasiwasi usiku piga 116, ni namba ya watoto, haikati salio.

Mkoba wa Safari: Polisi wataniweka ndani mbele ya mtoto. Na nikimrudisha sitamuona tena, nyie hamumjui huyu mwanaume. Hapana, kwa kweli polisi hapana.

Babu wa Kibaha: Binti, mwalimu wa watu anahojiwa kwa ajili yako. Chukua mtu mzima mwende wote, mjumbe wa hapo Mbagala au mchungaji. Mimi niko Kibaha, kama hamna mtu nakuja na mke wangu, nitumie ujumbe faragha.

Mnasihi wa Mtaa: Babu hapo umenena. Na mtoto aambiwe kabla hamjatoka: tunaenda kumwambia baba uko salama. Asishtukizwe tena.

Mkoba wa Safari: Sawa. Rafiki yangu anasema mumewe atatusindikiza. Meseji nimwandikie nini? Nimeandika nafuta.

Wakili Njaa: Nakuandikia, kopi hivi hivi: "Mtoto yuko salama, yuko na mimi Dar. Naenda naye polisi sasa hivi kuandikisha hilo. Mwalimu hana kosa, nilimdanganya. Jumatatu tukutane Ustawi wa Jamii." Basi. Usiongeze la nyumba, usiongeze la mke wake.

Kipusa wa Likoni: Na umruhusu aongee na mtoto akipiga. Bila spika.

Nyau: Mkoba samahani kwa ile ya chai. Umetuma?

Mkoba wa Safari: Nimetuma. Ila la nyumba nimeweka kidogo.