Mjadala: Kanisa la Africville lililojengwa upya, limelipa deni au limelifunika?

Mleta mada (Halifax)

Wanajamvi, salaam. Naleta hoja ambayo hapa Halifax, Kanada, haijapoa tangu 2010, na mimi imenikaa kifuani tangu siku nilipompeleka mwanangu kule ufukweni mwa Bedford Basin. Jiji likibomoa kijiji cha watu weusi, kisha miaka zaidi ya arobaini baadaye likatoa fedha za kujenga upya kanisa lao na kuligeuza makumbusho, je, historia imehifadhiwa au deni limefunikwa?

Kwa asiyeijua habari yenyewe: Africville kilikuwa kijiji cha watu weusi kaskazini mwa Halifax. Hati za kwanza za ununuzi wa viwanja zinazojulikana ni za 1848, na mwaka uliofuata tayari walikuwa na kanisa. Wengi walitokana na watu waliotoroka utumwa Marekani wakati wa vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza, wakaletwa Nova Scotia, jimbo lenye Halifax, na Waingereza na kugawiwa ardhi ya mawe kule Preston na Hammonds Plains. Mawe hayaliwi. Wakasogea mjini kutafuta vibarua, wakanunua viwanja, wakavua samaki, wakajijengea nyumba kwa mikono yao. Mwaka 1883 wakapata shule.

Sasa tazameni jiji liliwapelekea nini. Reli ikapitishwa katikati ya makazi. Gereza likajengwa jirani, yakafuata mashimo ya kumwagia kinyesi cha mji, hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, na miaka ya 1950 jalala la wazi. Kodi walitozwa. Maji ya bomba hawakuyaona, mabomba ya majitaka hawakuyaona, lami hawakuiona. Kisimani paliwekwa kibao kinachowaambia watu wachemshe maji kabla ya kunywa na kupikia. Picha ya kibao hicho ipo hadi leo, na kwangu mimi ni ushahidi mzito kuliko hotuba yoyote, maana aliyekiandika alijua kabisa kwamba maji ni machafu.

Januari 1964 baraza la jiji likaamua wahamishwe, watu wapatao 400, kaya 80 hivi. Mwenye hati alilipwa thamani ya nyumba yake. Asiye nayo, na hao walikuwa wengi kwa kuwa viwanja vilirithiwa kwa neno la baba kwa mwana, aliambiwa achukue dola 500. Vyombo vyao vilipakiwa kwenye malori ya taka ya jiji. Hebu fikiria kitanda cha mama yako na sanduku la nguo zake juu ya lori la taka, majirani wapya wamesimama wanatazama. Kanisa lilivunjwa usiku, Novemba 1967. Nyumba ya mwisho iliangushwa Januari 1970.

Februari 2010 meya wa wakati huo, Peter Kelly, aliomba radhi kwa niaba ya jiji. Zikatolewa dola milioni 3 za Kanada na kipande cha ardhi kama hekta moja, na nakala ya kanisa ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2012. Katika makubaliano yale hakuna familia iliyopewa fidia yake yenyewe.

Msimamo wangu: jengo lile nalipenda na ningeumia likifungwa. Lakini si malipo. Karibuni.

Msomaji wa Dodoma

Kaka, asante kwa mada, ila tusisukumwe na machozi. Umesema mwenyewe hapakuwa na maji wala majitaka, na jalala lilikuwa mlangoni. Miaka ile miji mingi ya Amerika Kaskazini ilikuwa inavunja mitaa duni na kuwahamishia watu kwenye nyumba za serikali. Wewe ungekuwa diwani mwaka 1964 ungefanyaje? Ungewaacha watoto wachote maji ya kisima kile?

La pili, milioni 3 kwa jengo la mbao ambalo si lile la asili. Mababu hawakusali mle. Kama ni kuhifadhi, unahifadhi kilichopo, huwezi kuhifadhi kisichokuwepo. Mimi ningezipeleka kwenye ada za vijana wa jamii hiyo.

Msomaji wa Kisauni, Mombasa

Ndugu zangu, mimi nasema kutoka upande ambao kilichopo kimebaki. Huku kwetu kuna Freretown, makazi waliyoyaanzisha wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye utumwa, miaka miwili tu baada ya Sultani Barghash kukubali kulifunga soko la watumwa Unguja. Kengele iliyokuwa ikiwaonya wenyeji ingali pale, hata mahali penyewe tunapaita Kengeleni. Matatu zinasimama, makanga wanaita Kengeleni, Kengeleni, kutwa nzima. Muulize abiria anayeshuka pale kengele ililia kwa ajili ya nani. Mimi nilikuwa mtu mzima ndipo nikajua, na nimezaliwa dakika kumi kutoka pale kwa miguu.

Kwa hiyo kaka wa Dodoma, jengo la asili peke yake halisemi kitu. Hao wa Halifax walivunjiwa kila kitu na bado wajukuu wanajua nyumba ya nani ilikuwa wapi. Sisi kengele tunayo na wenyewe tumewasahau. Nikiambiwa nichague, naogopa msiba wetu kuliko wao.

Mleta mada

Shukrani sana ndugu wa Kisauni. Hilo la Kengeleni sikulijua, nami nimepita Mombasa mara nyingi.

Kaka wa Dodoma, swali lako la diwani ni la haki, nami nalijibu moja kwa moja. Ningewachimbia mtaro wa bomba. Wenyewe waliomba maji mara nyingi, kwa barua. Aliyekunyima maji miaka mia hawezi kugeuka akasema anakuhamisha kwa sababu huna maji. Jalala nalo halikuota kama uyoga, jiji ndilo lililoliweka. Na hizo nyumba za serikali zilikuwa za kupanga. Mtu aliyelala kwake bila kudaiwa na yeyote akawa mpangaji anayehesabu mwisho wa mwezi. Kuna mzee aliyekuwa na kazi ya heshima bandarini anayeweza kustahimili hilo? Labda. Lakini watoto wake warithi nini?

Kuhusu nakala, hapo nakubaliana nawe nusu. Mbao si zile. Lakini kanisa lile ndipo walipobatizwa, walipooana na walipoagwa, na ndiyo maana kuvunjwa kwake usiku kuliwauma kuliko nyumba zao. Kulisimamisha tena mahali pake ni kumwambia anayepita kwamba hapa hapakuwa uwanja mtupu. Kwa miaka mingi pale paliitwa Seaview Park, watu wakitembeza mbwa juu ya vyumba vya kulala vya wenzao.

Mama wa Edmonton

Wanangu, mnabishana juu ya jengo kama vile jengo ndilo lililowahifadhi. Jengo limekuja mwisho. Kuanzia 1983 wenyewe wamekuwa wakirudi pale kila kiangazi, wanapiga mahema, wanapika, wanaimba, wazee wanawaonyesha watoto: hapa palikuwa kwa bibi yako. Na Eddie Carvery alirudi mwaka 1970 akaanza kupinga kwa kukaa pale pale uwanjani, akaendelea kwa miongo. Kabla ya makumbusho kulikuwa na sufuria na hema. Kazi yote waliifanya wenyewe bila mshahara.

Mimi nimetoka Bukavu. Nyumba ya baba ilibaki huko, karatasi sina, ila najua mlango ulitazama wapi na mwembe ulikuwa upande gani. Kesho mtu akinijengea mfano wa ile nyumba, nitalia kwa furaha. Kisha nitamuuliza: na kiwanja?

Msomaji wa Dodoma

Mama, shikamoo. Hapo umenigusa, na suala la bomba la maji nimelielewa, nalirudisha neno langu. Ila nabaki na swali moja la kiutendaji, msinione mkaidi. Kiwanja arudishiwe nani? Miaka hamsini na zaidi imepita, watu wametawanyika, wameoana na wengine, hati hazikuwepo tangu mwanzo. Kila mtu atakuja kusema bibi yangu aliishi hapa. Nani atawatambua?

Mleta mada

Jiji lenyewe, kaka. Walipotaka kuwaondoa waliwaendea nyumba kwa nyumba, wakaandika jina la mwenye nyumba, idadi ya watoto, na kiasi alicholipwa. Majalada hayo hayakuvunjwa usiku. Waanze nayo.