Hurulaini anafanya nini kituo cha matatu? Walimu wa Kiswahili, tumewaharibu watoto

Walimu wenzangu, leo mtanisamehe, na msiponisamehe pia sawa. Nimetoka kusahihisha rundo la insha za Kidato cha Nne na hasira imenikaa kooni.

Swali la kwanza, lile la lazima, liliwataka waandike barua kwa mkuu wa kituo cha polisi kulalamikia wizi wa simu kwenye vituo vya matatu. Kila mtoto wa darasa lile ama ameibiwa simu ama ana ndugu aliyeibiwa. Nikajua leo nitasoma mambo. Nilichosoma ni hiki: "Natumai u buheri wa afya. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima kama kigongo." Kwa polisi! Mwingine alirauka majogoo ya kwanza, akapiga mswaki, akastaftahi, ndege wakamtumbuiza, na kituoni akafika aya ya tatu. Simu ikaibiwa kwa sentensi moja. Mwizi akatimua mbio miguu ikimgonga kisogo, mwandishi akabaki machozi yakimtiririka njia mbili mbili. Wizi hutokea saa ngapi? Anataka polisi wafanye nini? Hakuna. Na yule mrembo kama hurulaini, mwanamwali wa peponi, naye yumo, karatasi baada ya karatasi, kwa sababu wote wamekariri kijitabu kimoja.

Barua rasmi ina anwani mbili, mtajo, mada, kisha unaingia kwenye shida yako. Heshima yake iko hapo hapo: hukumpotezea mtu wakati.

Najua mtakachosema. Sheng, lugha ya vijana wa mitaani. Kila uzi wa Kiswahili humu lazima Sheng ipigwe mawe. Acheni! Sheng haikuleta "furaha riboribo" darasani. Tuliileta sisi, tukaiandika ubaoni, tukasema "nakilini". Mtoto ametii tu. Katika KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, insha ilikuwa ya alama 40 kwa dakika 40, na kuna shule ambazo darasa zima lilikuwa na utangulizi mmoja wa kubandika kwenye swali lolote, liwe la harusi au la ajali. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Mtihani tumeuzika, ugonjwa umepanda sekondari.

Na hauponi kwa sababu ya alama. Karatasi ya 102/1, ya insha katika mtihani wa Kiswahili wa kumaliza sekondari (KCSE), ni insha mbili, kila moja alama 20, maneno yasipungue 400. Ngazi tunazijua: D mwisho 5, C mwisho 10, B mwisho 15, juu ya hapo A. Mtoto mwenye hoja nne nzito na lugha ya kawaida anaogopa atakwama C. Mwenye hoja moja na misemo kumi ana hakika B ni yake. Mkiniambia hizo ni imani tu za watoto, nitawauliza mbona kwenye semina za kujiandaa kwa mtihani wimbo ni ule ule: pambeni lugha, pambeni lugha.

Lakini kilichonichoma zaidi si karatasi. Muhula huu mwanafunzi wetu mmoja alifiwa na baba. Tukaenda matangani na wenzake wachache. Kiranja, msichana anayeongoza kwa insha, akaombwa aseme neno kwa mjane. Akasimama wima: "Ewe mama, mauti ni faradhi. Kifo kimetupokonya kito cha thamani." Sauti ya tamasha la kughani mashairi, mikono nayo inapanda na kushuka. Mama wa watu akamtazama tu. Kijana mmoja aliyekuwa nyuma, ambaye insha zake hazivuki alama 8, akasogea, akainama, akamshika mkono. "Pole sana, mathe. Masomo yake tutamwandikia, asijali." Mama hakuuachilia ule mkono hadi tulipoondoka.

Sasa niambieni nani kati ya hao wawili anajua Kiswahili, na nani tunamwita dhaifu kwenye mikutano ya wazazi.

Msiseme watoto hawana adabu ya kuzungumza. Wanayo. Siku nzima nasikia "nisaidie na kalamu", "samahani mwalimu, naomba kupita". Sisi tunafanya nini? "Nisaidie na" tunaikata kwa wino mwekundu. Sawa, sarufi ni sarufi, ikateni. Lakini badala yake tunawapa "Masalkheri, ewe mwalimu wangu mtukufu", maneno ambayo si Mombasa, si Kitale, hakuna binadamu anayemwambia mwenzake akiwa na akili timamu. Kwa hiyo mtoto anatembea na adabu mbili, moja ya msahihishaji na moja ya watu, na ile ya watu tumemkataza kuiandika.

Na ninyi mnaouza vile vijitabu vya misemo getini siku za kutembelea wanafunzi, sitaki hata kuanza. Wengine ni walimu, tunajuana.

Wasahihishaji wa mtihani wa kitaifa mlio humu, nawaomba jibu moja bila kuzunguka: hurulaini ana alama ngapi? Kama ni sifuri, semeni hapa hapa hadharani, nichapishe niibandike ukutani kesho asubuhi. Kama anazo alama, semeni pia, wazazi wajue karo yao inanunua nini.